Binamu Tu

Kila asubuhi Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alipelekwa shuleni kwa baiskeli na dada yake. Dada huyo alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, lakini walikua nyumba moja, wakilala kitanda kimoja na kugombania shuka moja. Sasa alikuwa amemaliza shule na anajifunza ufundi wa baiskeli kwenye karakana ya baba yake Chiriku. Ovaroli yake ilijaa grisi.

Siku moja, pale getini, rafiki mmoja akauliza yule aliyechafuka hivyo ni nani. Chiriku aliona haya. Jana yake mwalimu wa Kiingereza aliwaeleza kuwa Waingereza wana neno moja kwa watoto wote wa shangazi, mjomba, baba mdogo na mama mkubwa, na kamusi hulifasiri "binamu". Chiriku akalidaka.

"Ni binamu tu," akasema.

Dada, aliyekuwa bado anageuza baiskeli, alisikia.

Jioni alikuwa na adabu ya kupindukia. "Binamu, naomba chumvi. Binamu, samahani, nipishe nipite." Mama alicheka mpaka akapaliwa, maana hakujua kisa. Lakini dada alipobeba mto wake akahamia sebuleni, Chiriku hakucheka. Kitanda alichozoea kukilalamikia kuwa chembamba kilikuwa kipana mno, na roho ilimuuma.

Kulipokucha alimfuata baba karakanani, akamweleza yote bila kuficha. Baba hakuacha kukaza spoku.

"Neno la watu halina kosa, mwanangu," alisema. "Waingereza wanalitumia na wanapendana vizuri tu. Kosa ni lile 'tu' lako. Ulimkana getini, basi kamkiri hapohapo."

Getini Chiriku alishuka, akaushika mkono wa dada pamoja na grisi yake.

"Jana niliona haya bure," aliwaambia rafiki zake. "Huyu ni dada yangu. Ni fundi."

Yule aliyeuliza jana akasogeza baiskeli yake polepole. Mnyororo ulikuwa umelegea. Dada aliinama, akaukaza, huku akimtania Chiriku kwamba leo yeye kapandishwa cheo, kutoka binamu hadi dada.

Mchana mama alipoiona sare ya Chiriku yenye madoa ya grisi alianza kunung'unika. Baba akamtuliza.

"Sare itafuliwa," alisema, kisha akamgeukia binti yake. "Undugu ni kufaana, si kufanana. Anayekufaa, mtaje kwa sauti mbele za watu."