Mize Hanywi Maji

Mize aliamka na hasira. Jana yake aliamka na hasira, na juzi yake pia.

Kwao ni Pemba, kwenye nyumba ndogo yenye uwanja mpana. Uwanjani Mama ameanika karafuu juu ya jamvi. Harufu yake inafika mpaka barabarani.

Kichwa cha Mize kilikuwa kinagonga. Ngo, ngo, ngo! Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka inapasuka.

"Mize, njoo unywe maji kabla hujenda skuli," Mama aliita. Alishika kikombe kimejaa pomoni.

Mize akakunja uso. Akapiga mguu chini, pu!

"Sinywi! Sinywi! Hata tone, sinywi!"

Akapita katikati ya jamvi. Karafuu zikatawanyika huku na huko. Karafuu hazikumkosea kitu, maskini, lakini mwenye hasira haulizi.

"We mtoto weye! Karafuu zangu!" Mama alifoka. Mize alikuwa ameshafika barabarani.

Jua lilikuwa kali. Mize alitembea amefura, mashavu yamevimba. Kichwa nacho, ngo, ngo, ngo!

Skulini kwao maji yapo. Yamo ndani ya mtungi, na mtungi umo ndani ya sanduku la mbao, barazani. Ni maji baridi, yananukia udongo.

Sanduku lina komeo zuri la chuma. Ka-cha! Linafungwa. Ka-cha! Linafunguliwa.

Wakati wa mapumziko, Mwalimu Zuwena alilifungua. Yeye ndiye mwalimu wa darasa la pili, darasa la Mize.

"Haya, kila mtu na kikombe chake!" alisema. "Kunyweni maji, wanangu. Mpate nguvu, na vichwa viwe vyepesi!"

Watoto wakanywa. Gu-gu-gu! Gu-gu-gu! Raya, rafiki yake Mize, alikunywa vikombe viwili akajifuta mdomo kwa mkono.

"Na wewe Mize? Kunywa!" alisema Mwalimu.

"Sinywi! Sinywi! Hata tone, sinywi!"

"Hasira hasara, Mize," alisema Mwalimu. Kisha akafunga sanduku, ka-cha! Akaenda zake.

Mnaona? Mama alisema kunywa. Mwalimu alisema kunywa. Hakuna aliyesema, "Kwani una nini, mwanangu?"

Basi mimi nitawaambia Mize alikuwa na nini.

Nyuma ya skuli kuna choo. Choo kina mlango wa kijani. Mlango hauna komeo.

Zamani ulikuwa nalo. Lakini mbuzi wa jirani walikuwa wanakuja kunywa mtungini. Wanaingiza ndevu zao humo humo, meee, ndani ya maji ya watoto!

Wakubwa wakakutana. Wakaling'oa komeo la choo. Wakalitia kwenye sanduku la maji.

Wakafurahi, wakapeana mikono. Maji yetu salama! Na choo je? Choo hakikumjia mtu akilini. Nikikumbuka hayo, na mimi nachemka.

Siku moja Mize alikuwa chooni, amechutama. Mara, kriiii! Mlango ukafunguka wote.

Nje kulikuwa na watoto wanasubiri zamu yao. "Heee! Mize! Tumemwona Mize!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Na nyinyi mnacheka? Msicheke. Mngekuwa nyinyi, je?

Tangu siku hiyo Mize alipiga hesabu yake kichwani. "Nikinywa, nitataka kukojoa. Nikienda chooni, wataniona. Basi sinywi."

Asubuhi hanywi. Skulini hanywi. Jioni anakunywa funda moja tu, tena kwa kununa.

Hesabu yake ilikuwa nzuri, lakini mwili haukuikubali. Mwili wa mtoto unataka maji kila siku. Damu inayataka, tumbo linayataka, hata macho yanayataka.

Mwili wa Mize ukakasirika kuliko Mize mwenyewe. Kichwa kikagonga. Tumbo likawa gumu. Miguu ikawa mizito.

Siku ile ya karafuu, mapumziko hayo hayo, watoto walicheza rede. Wawili wanarusha mpira, na wa katikati anaukwepa. Hakuna aliyemshinda Mize kwa kukwepa.

Raya akarusha mpira. Miguu ya Mize haikusogea. Pa! Mpira ukampata begani.

"Umetoka!" alisema Raya.

"Sijatoka! Muongo weye!" Mize alipiga kelele. Akamsukuma Raya, na Raya akaanguka. Goti likachubuka.

Raya akalia. "Sichezi nawe tena," akasema. "Tena na tena, sichezi!"

Watoto wote wakaondoka na Raya. Mize akabaki peke yake uwanjani.

Alitaka kumwita Raya, lakini koo lilikuwa kavu. Uwanja ukaanza kuzunguka. Mize akakaa chini, pu, kwenye vumbi.

Mwalimu Zuwena akaja mbio, akamshika mkono. "Mtoto huyu mgonjwa," alisema, akampeleka kwao.

Nyumbani, Mize alikwenda chooni. Choo cha kwao kina mlango na kina komeo.

"Aaa! Inauma! Inauma!" alilia.

Mama akaja. Akaangalia. Mkojo wa Mize ulikuwa mchache, na rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi.

Mama alitaka kufoka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu akachuchumaa mbele ya Mize, akamwangalia usoni.

"Una nini, mwanangu?" aliuliza taratibu. "Kwa nini hunywi maji?"

Hapo Mize akapasuka.

"Mlango! Mlango wa choo cha skuli! Hauna komeo, wanaufungua, wananiona, wananicheka! Komeo letu wamelitia kwenye mtungi! Nanyi mnasema kunywa, kunywa, kunywa!"

Masikio ya Mama yakawaka moto. Akasimama, akaikaza kanga kiunoni.

Mama wa Mize akikaza kanga vile, hata kuku wanapisha njia.

"Kwanza unywe," alisema. "Hapa hakuna wa kukuchungulia. Kidogo kidogo."

Mize akanywa. Gu-gu-gu. Akapumzika. Gu-gu-gu. Akanywa tena jioni, na tena wakati wa chakula.

"Kesho kama bado inauma, tunakwenda kituo cha afya," alisema Mama. "Lakini kwanza tunakwenda skuli. Na atakayesema ni weye."

"Mimi?" Mize alishtuka.

"Weye. Hasira ni zako, na maneno ni yako."

Asubuhi kichwa cha Mize hakikugonga. Mkojo haukuuma, na rangi yake ilikuwa imepungua. Lakini hasira bado ilikuwapo, tele.

Wakafika skuli. Mwalimu Zuwena alikuwa barazani, anafungua sanduku la mtungi. Ka-cha!

Watoto wote wakageuka. Raya naye akageuka, goti lake limefungwa kitambaa.

Mize aliona haya. Akamtazama Mama. Mama akakaza kanga tu.

Mize akavuta pumzi. "Mwalimu," alisema. "Hilo komeo ni letu."

"Komeo lipi, mwanangu?"

"Hilo! Ni la choo. Mmelitoa, mlango haufungi. Wananiona. Ndiyo maana sinywi! Sinywi! Hata tone, sinywi!"

Hakuna aliyecheka.

"Lakini Mize, mbuzi walikuwa wanayachafua maji," alisema Mwalimu.

"Mbuzi hawaogopi choo!" Mize alipiga mguu chini, pu! "Sisi ndio tunaoogopa! Mmewafungia mbuzi mlango, sisi mmetuachia wazi!"

Ndipo sauti ndogo ikasikika nyuma. Ilikuwa ya Raya.

"Na mimi naogopa," alisema. "Mimi hunywa, halafu hubana mpaka nyumbani. Njiani tumbo linaniuma."

"Na mimi hubana," alisema mwingine. "Na mimi!" "Na mimi!" Baraza zima likasema na mimi.

Mwalimu Zuwena akakaa juu ya ukingo wa baraza. Akashika kichwa.

"Nimekosa, wanangu," alisema. "Kila siku nawaambia kunyweni, na sikuwahi kuuliza mnakwenda wapi baada ya kunywa. Mize, niwie radhi."

"Radhi umepata," alisema Mama. "Sasa, bisibisi iko wapi?"

Bisibisi ikaletwa. Mwalimu mwenyewe akalifungua komeo. Kri, kri, kri! Skrubu moja baada ya nyingine.

Sanduku la mtungi likafungwa kwa kamba nene, fundo juu ya fundo. Mbuzi mmoja akaja, akalivuta, akaondoka amenuna.

Komeo likarudi kwenye mlango wa kijani. Ka-cha! Likafunga. Ka-cha! Likafungua.

Mize akachukua kikombe chake. Kila mtu alimwangalia.

Gu-gu-gu! Kikombe kikaisha. "Nipe kingine," alisema. Gu-gu-gu!

Kisha akaingia chooni. Ka-cha! Alikaa humo kwa raha zake, hata wimbo akaimba. Watoto waliokuwa nje wakasubiri.

Alipotoka akanawa mikono. Akamfuata Raya.

"Nilikusukuma," alisema. "Wewe hukuwa muongo. Mpira ulinipata. Nisamehe."

Raya alitazama goti lake. "Bado linauma," alisema, naye amekunja uso.

"Najua," alisema Mize.

Raya akafikiri. Akafikiri tena. "Ingia katikati," akasema. "Leo nitakupata kweli kweli."

Akarusha mpira. Miguu ya Mize ikaruka, hup! Akarusha tena. Hup! Hakumpata.

Jioni ikaingia. Mama alizikusanya karafuu zote na kuzifunika. Mize alimsaidia, na safari hii alipita pembeni ya jamvi.

Akala. Akaoga. Akanywa maji yake. Akapanda kitandani.

"Hasira zimekwisha?" Mama aliuliza, akimfunika shuka.

Mize akafikiri. "Zimekwisha," alisema. Mara akakaa kitako. "La, Mama! Hazijakwisha!"

"Kuna nini tena?"

"Wale wadogo wa darasa la maandalizi. Komeo liko juu. Wao hawalifikii!"

Masikio ya Mama yakawaka moto.

"Hawalifikii?" alisema. "Mlango unafunga, na wadogo hawalifikii?"

"Hata wakichuchumia!"

"Basi kesho tunakwenda tena," alisema Mama. "Lishushwe chini. Nani atasema?"

"Mimi," alisema Mize. Akajilaza, akajifunika mpaka kidevuni, akalala usingizi mzito.