Koti la Siafu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mnong'ono alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Pini zilizoanguka alizikusanya kwa sumaku ndogo na kuzirudisha kwenye kopo, maana mama yake alizoea kushona akiwa pekupeku. Baada ya hapo alikunywa chai, akachukua mkoba, akaenda shule.

Watu walimwita Mnong'ono kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo mno. Darasani akijibu swali, wenzake walimdakia maneno kabla hajamaliza. Dukani, mwenye duka aliinama juu ya meza, akatega sikio na kumtania, "Binti, hiyo sukari unaniomba mimi au unakiomba kidevu chako?" Mnong'ono alicheka kidogo, kisha akaonyesha sukari kwa kidole.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumkatiza, na huyo alikuwa Siafu, msichana jirani yake na mwanafunzi mwenzake. Siafu alipewa jina hilo kwa kuwa hakuweza kutulia mahali pamoja. Hata akila, alikula akitembea. Lakini Mnong'ono alipoanza kusema, Siafu alisimama na kungoja mpaka neno la mwisho. Kwa sababu hiyo, Mnong'ono hakuwahi kumkatalia jambo.

Siku hiyo darasa lao lilikuwa linakwenda kutembelea hifadhi ya taifa yenye maporomoko makubwa ya maji. Mama alimfungia mkate na yai la kuchemsha, akamfunga vifungo vya sweta mpaka shingoni. "Ukihitaji kitu huko, sema, mama," alimwambia. "Usingoje mtu akusome usoni."

Siafu alikuja kumpitia akiwa na chupa tupu ya plastiki, ameitundika shingoni kwa kamba. Njiani alimweleza habari ya chupa ile. Bibi yake, ambaye miguu ilikuwa imemkataa na sasa alishinda kitandani, alikulia karibu na maporomoko hayo. Zamani za utoto wake alinawa uso kwa maji yake kila asubuhi. Jana jioni bibi alisema angependa kunawa kwa maji yale walau mara moja tena. Hakumwagiza mtu. Alisema tu, kisha akageukia ukutani.

"Kwa hiyo nitamletea," alisema Siafu, kana kwamba maji yenyewe yalikuwa yamekwisha kubali.

Kwenye lango la hifadhi walipokewa na mwongoza watalii, mwanamume mrefu mwenye kofia ya ukili iliyofifia kwa jua. Mvulana mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua anazimwa wapi, alimuuliza kama ni kweli simba wa humo hula watoto wenye kelele. Mwongozaji alijibu kwamba huwala, ila wakishawasikia wakizungumza huwarudisha kwa mwalimu wao. Hata mwalimu alicheka.

Kisha mwongozaji akaacha mzaha. Alimpa kila mtoto koti la mvua la rangi ya manjano, lenye kofia ya kuvuta kichwani. Aliwaeleza kwamba mbele ya maporomoko maji huvuma hata mtu asisikie jina lake likiitwa. Kwa hiyo huko hawaiti majina, wanahesabu makoti. Akiyaona makoti yote jukwaani, humjulisha mlinzi wa chini kwa simu ya upepo, na mlinzi hufunga lango la ngazi zinazoshuka bwawani.

"Na leo bwawani hakuna kushuka," alisema. "Usiku mvua kubwa imenyesha milimani. Maji yanaweza kupanda ghafla hapa kwetu, huku jua linawaka hivihivi. Koti lisivuliwe mpaka niseme. Tumeelewana, wanangu?"

Walijibu kwa pamoja kwamba wameelewana. Siafu alijibu pia, huku akiipapasa chupa yake.

Jukwaa la kutazamia lilikuwa la mbao, limezungushiwa nguzo fupi na vyuma vya kushikilia. Ng'ambo yake maji yalianguka meupe kama pazia, na manyunyu yaliwapiga usoni. Watoto walipanua midomo wakipiga kelele, lakini hapakusikika kitu ila mvumo. Kwa mara ya kwanza maishani, wote walikuwa na sauti ndogo kama ya Mnong'ono. Jambo hilo lilimfurahisha kidogo.

Siafu alimvuta hadi kwenye kona, karibu na kichwa cha ngazi, pale ambapo mwamba ulizuia mvumo na mtu aliweza kusikia. Lango, hatua chache chini kwenye ngazi, lilikuwa wazi. Mlinzi alikuwa amesogea upande wa pili kuwasindikiza wageni waliotangulia. Siafu akavua koti lake, akalivisha nguzo ya mwisho ya jukwaa. Kofia ya koti aliivuta juu ya kichwa cha nguzo, na ndani akasukuma mikoba yao miwili mpaka koti likapata tumbo.

"Simama karibu nalo," alisema. "Hilo rangi yake itaonekana hata kutoka mbinguni, siwezi kushuka nalo. Mimi ni kwenda na kurudi tu."

"Lakini yule kaka amesema maji..." alianza Mnong'ono.

Siafu hakungoja amalize. Tangu wajuane, ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa amekwisha shuka, na chupa ikimrukaruka mgongoni.

Muda si muda mwongozaji akaanza kuhesabu. Kidole chake kilipita koti moja baada ya jingine. Kilipokaribia kona, Mnong'ono alisogea na kulikumbatia lile koti mabegani, kama rafiki na rafiki wanaotazama maji. Mwongozaji akawatabasamia. Akainua simu ya upepo na kusema maneno machache. Chini kule, mlinzi akarudi, akafunga lango, akapitisha mnyororo, akaondoka kwenda kibandani kwake.

Mnong'ono aliuona mnyororo ule.

Akaiacha kona, akachungulia kwenye vyuma. Siafu alikuwa juu ya mwamba bapa katikati ya bwawa, amechuchumaa, anajaza chupa. Alionekana mdogo kama punje. Na maji yalikuwa yanabadilika. Lile pazia jeupe liliingia rangi ya chai ya maziwa, kisha tawi zima lenye majani mabichi likapita juu ya maporomoko na kuanguka. Ule mwamba bapa ulianza kuwa mwembamba.

Mnong'ono alipunga mkono. Siafu akamwona, naye akapunga, kisha akainua chupa juu ili rafiki yake aone imejaa. Mnong'ono akapiga kelele kwa nguvu zake zote, asijisikie hata yeye mwenyewe. Akapunga kwa mikono yote miwili. Kule chini, Siafu akadhani anashangiliwa. Akaanza kucheza.

Mnong'ono alishika vyuma vya jukwaa. Alijiambia kwamba Siafu ataona sasa hivi. Alijiambia kwamba Siafu ni mwepesi, ataruka lango. Akafikiria pia mambo mengine: kwamba akisema, Siafu ataadhibiwa mbele ya darasa, na pengine hatasimama tena kumngoja amalize maneno. Kando yake, Redio alikuwa anamwonyesha mwalimu maji ya rangi ya chai na kufanya ishara ya kutaka kikombe.

Ndipo Siafu alipogeuka na kuona maji yamepita kati yake na ngazi. Akaacha kucheza. Akatazama juu kwenye jukwaa. Wingu la manyunyu likapita katikati yao, na Mnong'ono hakuona tena kitu.

Alikimbia. Alimshika mwongozaji mkono wa shati akasema, "Siafu yuko chini." Mwongozaji akainama kama mwenye duka, akatega sikio, akatikisa kichwa kwamba hasikii. Alirudia. Midomo ilicheza tu. Basi akamvuta mtu mzima yule kwa mikono miwili hadi kwenye kona, akashika kofia ya lile koti na kuivuta nyuma.

Palikuwa na kichwa cha nguzo, kimelowa.

Uso wa mwongozaji ulibadilika. Alitazama chini kwenye wingu, akapuliza filimbi, akaongea kwenye simu ya upepo huku tayari anakimbilia ngazi.

Mwalimu aliwapandisha watoto wote hadi kwenye banda la kupumzikia, mbali na maji. Mnong'ono aliomba arudi akasaidie kutafuta. Mwalimu alimketisha kando yake, akamwambia kwamba akishuka yeye watakuwa na wawili wa kuwatafuta. "Hatuna la kufanya hapa, mwanangu," alisema. "Ila kungoja."

Kwa hiyo wakangoja. Koti la Siafu lilikuwa mapajani kwa Mnong'ono. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Aliposikia hatua alisimama, na kila mara alikuwa ni mgeni mwingine anapita njia yake. Mwalimu alimshika mkono. Redio alikuja akakaa upande wa pili. Alimega mkate wake na kumwekea kipande juu ya koti, na kipande kile kikakaa pale bila kuliwa. Maji yaliendelea kuvuma kama hayakuwa na habari na mtu yeyote.

Hatimaye walitokea kwenye kona ya njia. Mlinzi alikuwa amembeba Siafu mgongoni. Mguu mmoja ulikuwa hauna kiatu, na midomo yake ilikuwa imepauka. Chupa haikuwepo. Maji yalipofika magotini alikuwa ameng'ang'ania mizizi iliyoning'inia juu ya mwamba, hadi mlinzi alipomfikia kwa kamba. Sasa ule mwamba wenyewe, mwongozaji alimwambia mwalimu kwa sauti ya chini, hauonekani tena.

Mwalimu alimvua Siafu nguo zilizolowa, akamvika sweta lake mwenyewe. Mlinzi hakukaa nao. Alikwenda kuketi kwenye jiwe, akashika kichwa.

"Nimemfungia mtoto," alisema. "Niliambiwa wote wapo, nikamfungia."

Mnong'ono alipoyasikia maneno hayo aliangua kilio. Alikuwa amefikiri kwamba analinda siri ya rafiki yake tu. Hakujua kwamba anambebesha hatia mtu asiyemjua. Akaenda mpaka mbele ya mlinzi, akasema yeye ndiye aliyelikumbatia koti. Mlinzi akamfuta kamasi kwa leso yake. "Lakini pia wewe ndiye uliyelifunua," alimwambia.

Walipokuwa wanarudi, mwongozaji, akiwa amekwisha kusikia kwa Siafu habari ya bibi, alisimama mahali ambapo maji ya mto uleule yalichuruzika kwenye ukuta wa mwamba na kupita kwenye bomba fupi, pembeni mwa njia. Alimwaga maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye chupa yake, akaijaza hapo, akampa Siafu. "Ungeniambia tu maji ni ya bibi," alisema. Siafu alitazama chini njia nzima.

Ndani ya basi watoto walikuwa wamechoka na kimya. Dereva aliwasha injini, na mwalimu akauliza kama wote wapo. Wachache waliitikia kwa uvivu kwamba wapo. Hapo Mnong'ono akasimama kwenye kiti chake.

"Hawapo wote. Redio hayupo."

Ilikuwa sauti iliyofika mpaka kwa dereva. Basi zima liligeuka kuona ni nani aliyesema. Dereva akazima injini. Mara Redio akaja mbio kutoka upande wa vyoo, shati lake likipepea nje, na alipoambiwa ni nani aliyesema kwamba hayupo, alishika kifua. "Kama Mnong'ono ameanza kupaza sauti," alisema, "basi mimi nitafute kazi nyingine." Siafu alicheka, na ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu atolewe majini.

Jioni ile mwalimu aliwasindikiza wasichana wawili hadi chumbani kwa bibi. Siafu alieleza yote mwenyewe, bila kupunguza. Bibi alisikiliza akiwa ameegemea mito. Kisha akaomba beseni, akamimina maji kidogo, akanawa uso polepole, kwanza macho, kisha paji, kisha mashavu. Alifumba macho kwa muda mrefu.

"Ni yenyewe," alisema. Akamvuta Siafu karibu. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Maji haya ningeweza kuyakosa mpaka nife, nisidhurike. Wewe nisingeweza kukukosa hata kwa siku moja. Ukitaka kunifurahisha, kwanza rudi nyumbani."

Kisha akamgeukia Mnong'ono, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mwalimu.

"Na wewe, mwanangu. Ulimfichia kwa sababu unampenda, najua. Lakini mtu ukimpenda na umemwona yuko hatarini, unasema. Atanuna, na kununa kutakwisha. Unasema mapema, kwa mkubwa yeyote aliye karibu. Usiliachie koti likusemee."

"Nitasema, bibi," alijibu Mnong'ono.

Masikio ya bibi yalikuwa mazito tangu zamani, na kila mara Mnong'ono alipomwamkia alilazimika kurudia mara mbili au tatu. Safari hii bibi hakumwomba arudie. Alichovya vidole kwenye beseni, akawapaka maji usoni wote wawili.