Jina Alilolitaja Parveen

Tende zilikuwa zimeganda. Parveen alibonyeza moja kwa kidole, ikawa ngumu kama kokoto, na sahani yote ilikuwa imeota barafu nyeupe. Hita ilikuwa inawaka, dirisha limefungwa.

"Umezitoa kwenye friza?" aliuliza mumewe, Mohamedraza.

"Zipo hapa mezani tangu jana, tuliposoma Fatiha."

Kila Alhamisi baada ya Magharibi, katika fleti yao ya Malton, huko ughaibuni, waliweka tende mezani wakawasomea marehemu wao, wakiwataja mmoja mmoja, wazee wa Tanga na shangazi wa Arusha. Jana Parveen alikuwa ameongeza jina. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu mababu zao, na mteja wake, bibi Thibault, mama mzee wa Kifaransa wa Quebec anayeishi peke yake mtaa wa St. James Town, alimtaka aufuate ukoo wake hadi enzi za wakoloni wa Kifaransa. Huko ndiko alikomkuta Marguerite, binti aliyepotea kwenye theluji akiokota kuni, asizikwe wala kuombewa na mtu. Parveen akamhurumia. Akamtaja.

"Mfaransa wa miaka mia tatu!" Mohamedraza alicheka. "Mama Zahraa, huruma yako haiulizi hata pasipoti."

Jioni ile kicheko kilimwisha. Fleti ilijaa moshi wa kuni mbichi na harufu ya ngozi ya mnyama iliyolowa, halafu kwenye korido pakasikika kitu kikiburutwa, kikisimama, kikiburutwa tena, mpaka kwenye mlango wa chumba cha Zahraa, binti yao wa miaka sita. Walipofungua walimkuta ameketi kitandani, midomo imekuwa ya bluu, amejisogeza ukutani kama anayemwachia mtu asiyeonekana nusu ya mto.

"Anasikia baridi, mami," alisema kwa Kiingereza chake cha shule. "Anasema ulimwita. Sasa ni wetu."

Madaktari hawakuona ugonjwa, na mtoto alizidi kuwa baridi. Ndipo walipomwita Maulana Abdulhussein wa msikitini kwao. Alinusa hewa mlangoni, akasoma Ayatul Kursi kabla hata ya kuvua viatu.

"Wafu hawarudi," alinong'ona. "Huyu ni jini aliyefuatana na yule binti tangu kuzaliwa. Mwenzake alipokufa, akabaki porini hana mtu. Wewe umemwita kwa jina la mwenzake, ukamwekea chakula, ukamhesabu na ahali zako. Mkane, kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nikishindwa?"

"Atamchukua mtoto ampeleke alikopotelea mwenzake."

Alhamisi iliyofuata, Magharibi ilipopita, Parveen alimpakata Zahraa mezani, Mohamedraza na Maulana wakiwa kando yao, akawataja wazee wa Tanga, akamtaja shangazi wa Arusha, akaishia hapo bila kumtaja Marguerite, na pumzi za wote wanne zikaanza kutoka kama mvuke, taa ikafifia, kucha za mtoto zikageuka bluu mikononi mwa mama yake, na kinywa kile kidogo kikafunguka, kikatoa sauti ya kikongwe iliyokauka.

"Na mimi?"

"Wewe si wetu," Parveen alisema, machozi yakimtoka.

"Basi mimi ni wa nani?"

Maulana alimtikisia kichwa asijibu. Lakini Mungu atusamehe, mzazi aliyeogopa hamkumbuki jirani.

"Wa bibi Thibault," akasema Parveen. "Yeye ndiye damu yako. Nenda kwake!"

Mlango ulifunguka, ukajifunga. Zahraa alikohoa, akaomba maziwa ya moto, na Mohamedraza akaanguka sijda akilia, "Alhamdulillah, alhamdulillah."

Parveen alichukua simu, akapiga St. James Town. Ilipokewa upesi.

"Bibi Thibault? Ni mimi, Parveen. Usimfungulie mtu mlango, tafadhali. Unanisikia, bibi?"

Yalisikika meno tu, yakigongana kwa baridi.