Yai Lenye Namba

Pipa la bahati nasibu lilifunguliwa saa tatu asubuhi, vijipira vyeupe vikahesabiwa mezani. Sitini na kimoja. Daftarini mlikuwa na alama za vidole sitini na mbili.

"Cha arobaini na moja hakipo," alisema karani wa soko, jasho likimtoka. "Cha fundi cherehani."

Mwaka huu mwangalizi wa soko hakupigiwa kura. Kila mwenye kibanda alitakiwa atumbukize kijipira chake mwenyewe na kuweka dole gumba daftarini. Saa sita mchana kingechomolewa kimoja tu, na mwenye nacho ndiye angekuwa mwangalizi.

Inspekta wa polisi aliyeitwa alipima tundu la pipa. Mkono wa mtu hauingii.

"Basi hakikutoka humu. Hakikuingia kabisa."

Alimkuta fundi kajifunika shuka, homa inamtetemesha.

"Jana ulikwenda mwenyewe?"

"Nilikwenda, afande."

"Nionyeshe dole gumba."

Lilikuwa na kovu la sindano katikati. Alama ya arobaini na moja haikuwa na kovu. Ilifanana na ya arobaini kama shilingi kwa ya pili.

"Arobaini ni nani?"

Fundi akalia. "Dada yangu, muuza mayai. Nilimtuma kwa sababu ya homa. Nikaogopa nikisema nitafutwa jina."

"Mgonjwa si mwizi, mama. Nawa uso, twende."

Kibandani kwa dada, trei za mayai zilipanda hadi kichwani.

"Kitendawili," alisema inspekta, akigusa yai moja baada ya jingine.

"Sina muda wa vitendawili mie!"

"Nyumba yangu haina mlango." Kidole kikasimama kwenye trei ya tatu. "Lakini hii ina namba: arobaini na moja."

Dada akaketi chini, puu.

"Kwa nini?"

"Mara tatu nimeomba kura. Nimewapigia magoti hadi wauza vitunguu! Huyu hajaomba hata chumvi, leo bahati imwokote tu? Tangu utoto, mkono mzuri yeye, ulimi mtamu yeye. Changu nilikitumbukiza. Chake, moyo ulikataa."

Saa sita fundi alitumbukiza chake, akaweka dole lenye kovu. Cha dada kilitolewa. Pipa likazungushwa.

"Kumi na tisa!" karani akaita. "Mshona viatu!"

Dada, pingu mikononi, akacheka kicheko kikavu huku machozi yakimtiririka. "Kumbe nimeiba hewa."

Fundi akamfuta kwa pindo la shuka.

"Ungekitumbukiza tu, dada. Tungekosa sote, tukarudi nyumbani pamoja."