Mbio ya Kumi

Kwetu Manga siku inaanza na chai. Tunaichuma, tunainywa. Asubuhi ni chai. Saa saba ni chai na chakula. Jioni ni ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga yetu chungu, na kikombe kingine kando ya sahani. Mgeni akija hatumwulizi kama anataka. Tunamimina tu.

Dada yangu Nyakerario ana miaka kumi na sita. Anacheza hoki shuleni, pale katikati ya uwanja, mahali pa kukimbia mbele na kurudi nyuma mchezo wote. Mikono yake iko sawa. Shida ni miguu. Kwenye fainali ya kaunti, dakika za mwisho, msichana mmoja alimpita kama anapita mti. Goli. Wakashindwa.

Novemba alifunga shule, akaja nyumbani na uso mrefu.

"Ochoki, Januari kuna jaribio," aliniambia. "Unakimbia kutoka lango hadi katikati ya uwanja. Mara kumi. Kila mara unapumzika nusu dakika. Mwalimu hajali ile ya kwanza. Anaangalia ya kumi. Ikipita sekunde tisa, unatoka kwa timu."

"Mimi ndiye kocha wako," nilisema. Hakuwa ameniuliza.

Nilipima uwanja wa kanisa kwa hatua, nikaweka mawe mawili, nikashika simu ya kuhesabu muda. Ya kwanza: sekunde nane. Ya kumi: kumi na nusu.

Basi tukaanza. Kila siku alfajiri nilimtoa kitandani. Tulipanda kilima cha Manga mbio hadi juu, tukashuka. Tumbo tupu. Niliamini tumbo tupu linafanya mwili kuwa mwepesi. Tukirudi, chai na kiazi kitamu kimoja. Halafu anaenda shambani kuchuma majani hadi saa saba.

Baada ya wiki tatu nilimpima tena. Ya kumi: sekunde kumi na mbili.

"Simu yako imeharibika," Nyakerario alisema. Alikuwa amelala kwa nyasi. Midomo ilikuwa imepauka.

"Simu iko sawa. Wewe ni mvivu."

Alianza kulia. Nilijua nimesema uongo. Nilikuwa naye kila asubuhi. Hakuwa mvivu. Sasa ni kwa nini mtu anakimbia zaidi halafu anakuwa polepole zaidi? Sikuelewa, na kitu nisichoelewa hakiniachi nikae.

Nilienda kwa jirani wetu, Mama Ratemo. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji, anatembea boma kwa boma na begi lake. Alipokuwa msichana alicheza hoki pia. Alikuja jioni ile ile, akatukuta tunakula. Mama akamimina kikombe.

"Mama Ochoki, unajua sisi Wasabato hatunywi chai."

"Ndiyo maana koo zenu ni kavu na maswali hayaishi," Mama alisema. Wakacheka. Kisha Mama Ratemo akaanza hayo maswali.

"Ochoki, unamkimbiza wapi?"

"Kilimani. Kila siku."

"Hakuna siku ya kupumzika?"

"Jumapili baada ya kanisa tunakimbia kidogo tu."

"Hata Mungu alipumzika. Wewe ni nani?"

Nyakerario alicheka mpaka akamwaga chai yake.

"Sikiza," Mama Ratemo alisema. "Mwili haupati nguvu wakati wa kukimbia. Wakati wa kukimbia unachoka. Nguvu inajengwa ukipumzika na ukila. Wewe unabomoa kila siku, hujengi. Na kuchuma chai, kuinama na kubeba kikapu, unadhani hiyo si kazi? Miguu ni ile ile."

"Lakini wakimbiaji wakubwa wanapanda vilima," nilisema.

"Wale wanakimbia mbio ndefu. Hoki ni mbio fupi, unasimama, unainama, unageuka, unakimbia tena. Mfundishe hiyo."

Kisha akamshika Nyakerario kope ya chini, akaivuta kidogo, akaangalia.

"Ndani hapa ni peupe. Damu ya mwezi inatoka nyingi?"

Nilitaka kutoka nje. "Kaa hapo," Mama Ratemo aliniambia. "Si unajiita kocha? Kocha lazima ajue."

"Ndiyo, nyingi," Nyakerario alijibu akiangalia sahani.

"Damu inahitaji madini ya chuma. Yako kwenye chinsaga, maharagwe, dagaa wa omena, nyama. Sasa angalia meza hii." Alionyesha kikombe. "Chai ukiinywa pamoja na chakula inazuia yale madini. Unakula chinsaga, chai inakunyima faida yake."

Mama alikishika kikombe chake kama mtu aliyesikia habari mbaya ya ndugu yake. "Chai yetu hii?"

"Chai yoyote ile. Sijasema muache. Kunyweni katikati ya siku, saa moja au mbili mbali na chakula. Kwenye mboga weka nyanya, au kula chungwa. Hiyo inasaidia mwili kuchukua chuma. Na kesho mpeleke kituo cha afya apimwe damu. Mimi nimeangalia jicho tu, jicho si kipimo."

Alipimwa. Damu ilikuwa chini. Muuguzi alimpa vidonge vya chuma, akamwambia avinywe kwa maji, si kwa chai, na arudi baada ya mwezi.

Tulibadilisha kila kitu. Mazoezi yakawa siku tatu kwa wiki. Kabla ya kuanza, anakula ndizi mbivu au uji wa wimbi. Anapasha mwili moto kwanza. Kisha mbio fupi na kupumzika. Kisha anachuchumaa na kusimama, na kujishikilia kwa viwiko, mwili umenyooka kama ubao, ili mgongo uwe na nguvu ya kuinama na fimbo. Akimaliza, yai, au maharagwe, au omena. Siku ya mazoezi hachumi majani. Ninachuma mimi, na mgongo wangu ulinieleza vizuri kwamba ile ni kazi.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Nilikasirika. Wiki ya tatu, mbio ya kumi ilishuka hadi sekunde kumi. Krismasi ikafika tisa na nusu. Bado. Akarudi shule hivyo hivyo, nusu sekunde ikiwa imebaki.

Jumatano ya wiki ya kwanza simu ililia. Mimi na Mama tulikuwa kwenye foleni ya kupima majani.

"Ochoki, hii ni simu ya mwalimu, nina dakika moja."

"Ya kumi?"

"Nane nukta tisa."

"Rudia!"

"Nane nukta tisa! Niko kwa timu! Wenzangu wawili walitapika, walikuja na tumbo tupu. Wananiuliza nilifanya nini."

Mama alininyang'anya simu. Hakuuliza sekunde. Hakuuliza timu.

"Umekula?"

Alisikiliza. Kisha akageukia foleni yote, watu na vikapu vyao.

"Amekula," aliwaambia.