Mkwe Aliniletea Mbwa Nikiwa Nyuma ya Pazia

Ninyi vijana mnaopiga picha na majibwa makubwa ya watu kisha mnasema mnataka wa kwenu, hebu kaeni kwanza mnisikilize. Mimi si mwalimu. Shule niliacha darasa la tatu, na maneno yangu ni ya kuokota okota. Lakini haya sikusimuliwa na mtu... yalinipata ndani ya lango langu mwenyewe!

Nina miaka sabini na miwili. Ni mjane, Msoga na Mwislamu, nakaa Bugembe, hapa Uganda, nyuma kidogo ya barabara kuu ya kwenda Iganga. Naishi na Mwajuma, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye ndiye anayenipikia, na mjukuu wangu Hamida, ambaye ana miaka minane.

Mama yake Hamida ni binti yangu Zaituni. Yuko Uarabuni, anafanya kazi za nyumbani kwa watu. Siku alipoondoka alinishikisha mkono wa mtoto akaniambia, "Mama, huyu ni amana." Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, jikoni.

Baba wa mtoto, Shafiki, anakaa Mbale, mtaa wa Namatala, anapakia magunia ya mchele. Alikubali mtoto akae kwangu, lakini kwa sharti. Siku mama mkwe atakaposhindwa kumlea, mtoto atarudi kwa ukoo wa baba yake. Sharti hilo nililikubali. Mimi nishindwe na mtoto? Nimelea wangapi?

Sasa msikilize vizuri jambo la pazia, maana ndilo lililoniponza.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani. Mkwe akija, mimi naingia chumba cha ndani, pazia linashushwa, naye anakaa sebuleni. Tunazungumza kupitia mtu wa kati. Wazee wanasema ukivunja mwiko huo utapata obuko, ugonjwa wa kutetemeka mikono. Sheikh wetu ametuambia mara nyingi kwamba dini haina kitu kama hicho, mkwe ni kama mwanao. Tunamwitikia, "Ndiyo, sheikh..." Tukirudi nyumbani, pazia liko palepale!

Basi, Ijumaa moja tukiwa msikitini, wezi waliruka ukuta wakabeba kuku wangu wote. Hamida akamwambia baba yake kwenye simu. Haikupita muda, Shafiki akaja kutoka Mbale na pikapu ya kuazima. Ndani yake kulikuwa na mbwa.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia mnyororo ukiburutwa, nikasikia Mwajuma akipiga kelele, "Yalabi, huyo ni mbwa au ndama?"

Shafiki akamtuma Hamida aniambie kwamba mbwa anaitwa Afande. Nusu ni mbwa wa polisi, nusu ni wa kienyeji. Amefundishwa, anasikia Kiswahili, ni mpole kwa watoto. Ni zawadi kwangu, alinde nyumba na mjukuu.

Moyo wangu ulikataa palepale. Mbwa mkubwa hivyo, mwenye afya, amefundishwa, halafu anatolewa bure? Nani anatoa kitu kizuri bure siku hizi? Nikamwambia Hamida, "Mwulize baba yako, mwenye mbwa kwa nini amemtoa?"

Nikasikia sauti ya Shafiki, ya chini kuliko mwanzo. "Mwambie jaja, bibi yako, kwamba mwenyewe amehama."

Ile sauti ya chini! Ningeuona uso wake ningejua. Nimezaa, nimelea, uso wa mwongo naujua kama ninavyoujua mlango wangu. Lakini nilikuwa natazama kitambaa cha maua. Na zawadi ya mkwe kwetu hairudishwi. Ukiirudisha umemtukana yeye na ukoo wake wote. Nikasema mwambieni ahsante.

Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Tulimfunga Afande kwenye mti wa fenesi nyuma ya nyumba. Alizunguka ule mti mchana kutwa mpaka gome likachubuka. Alichimba mashimo ambayo mtu angeweza kuvunjika mguu ndani yake. Akifunguliwa, alirukia kamba ya nguo, akashusha mashuka, akakimbia nayo kama bibi harusi! Posho, ule ugali wetu, ya sufuria nzima na mukene wake, wale dagaa, aliimaliza kabla Mwajuma hajageuka.

Tena sisi ni nyumba ya wudhu. Mate ya mbwa yakikugusa, uoshe kwa maji na udongo. Kwa hiyo mimi na Mwajuma tulimsukumia chakula kwa fimbo. Hakuna aliyemshika. Hakuna aliyempapasa. Hamida peke yake ndiye aliyemwendea kwa siri, kisha anaoga kabla ya swala.

Nilianza kumshuku kila mtu. Je, mbwa huyu ameibwa, na siku moja polisi watanijia? Je, Shafiki amemleta anichoshe ili nishindwe, achukue mtoto wake? Mbona hakuja tena kutusalimia? Mbona kila Hamida alipotaja Afande kwenye simu, baba yake alisema mtandao ni mbaya? Mtandao ulikuwa mzuri kwa mambo mengine yote!

Jirani yetu Waiswa, mzee aliyestaafu jeshini, alikasirika kwanza kwa sababu ya jina. Mwajuma akipiga kelele, "Afande, toka kwenye takataka!", Waiswa anatokea ukutani. "Mama, unaambia mimi ama unaambia mbwa?" Tulicheka. Lakini siku moja alisimama akamtazama yule mnyama akizunguka mti, akasema, "Mama, hii mbwa si mbaya. Ni askari hana kazi. Mtu anatakiwa kukimbia na yeye kila asubuhi mpaka anachoka. Nani hapa nakimbia?"

Nikatazama magoti yangu. Nikatazama miguu ya Mwajuma, iliyovimba. Nilidhani anataka tumpe yeye yule mbwa, kwa hiyo hata huyo nikamshuku!

Kumbe Hamida alikuwa amesikia.

Siku ya pili yake alirudi kutoka shule mapema, nami nilikuwa nachambua maharage uani mbele. Alipita nyuma ya nyumba, akamfungua Afande, akazungusha ule mnyororo kwenye mkono wake ili asimponyoke, akatoka naye kwa lango dogo akamkimbize. Mtoto wa miaka minane! Alitaka kunisaidia...

Ikapita boda imebeba mbuzi. Afande alipomwona yule mbuzi aliondoka kama risasi. Mnyororo ulikaza. Nilisikia kilio kimoja tu. Nilipofika barabarani Waiswa alikuwa amekwisha mshika mbwa, akimwambia kwa ukali, "Kaa! Kaa chini!" na mbwa amekaa, ulimi nje, mkia unapiga vumbi kwa furaha. Hakumuuma mtu. Alidhani ni mchezo! Na mjukuu wangu amelala pembeni ya lami, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo.

Tulimkimbiza hospitali Jinja. Akafungwa plasta. Hakulia sana. Aliniuliza tu, "Jaja, Afande atapigwa?"

Shafiki alifika kesho yake. Na mimi, mjinga wa mila, nikaingia ndani, pazia likashushwa! Nikamsikia akimwambia Mwajuma, "Mwambie mama, ameshindwa. Tulikubaliana." Nikamsikia Hamida akisema hataki. Chini ya pazia niliona viatu vya Shafiki, na pembeni yake ndala za mtoto, za bluu. Ndala zile ziligeuka kuelekea kwangu... kisha zikavutwa.

Ningetoka ningefanyaje? Ningefanya mengi! Lakini niliketi. Niliogopa kutetemeka mikono, nikaacha amana ya binti yangu itoke mlangoni.

Jioni Zaituni alipiga simu kutoka Uarabuni. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisema tu, "Mama, mtoto wangu yuko wapi?" Mnajua uzito wa swali hilo, ninyi mnaosoma?

Asubuhi Waiswa akaja kunipa pole. Katika mazungumzo akaniambia kwamba yeye ndiye aliyempokea Shafiki langoni na kumweleza jinsi mbwa alivyomburuta mtoto. Basi Shafiki, kabla hajauliza hali ya mwanawe, alisema, "Tena?"

Tena! Neno hilo lilinisimamisha. Tena maana yake nini? Nilimwachia Mwajuma nyumba, nikavaa baibui, nikapanda gari ya Mbale.

Namatala si pagumu kumpata mtu. Nilimtaja mpakiaji aliyekuwa na mbwa mkubwa, watu wakaninyooshea vidole mpaka mlangoni. Mwenye nyumba aliyempangisha, mama mmoja mnene aliyekuwa akipepeta mchele, hakungoja nimalize swali.

"Ile mbwa!" akasema. "Mama, ile mbwa ilifugwa hapa, kwa hii kiwanja ndogo. Ikavuta mtoto yangu na kamba mpaka mguu ikavunjika. Mimi naambia Shafiki, chagua. Mbwa natoka, ama wewe natoka."

"Aliyemtoa hakuhama?" nikauliza.

"Kuhama wapi? Mwenye mbwa ni yeye Shafiki!"

Mniambie, nyie. Hakukuwa na wizi, hakukuwa na njama ya kuninyang'anya mtoto, yote yale niliyoyaota. Kulikuwa na mtu mzima aliyejua mbwa wake anavunja watoto viungo, akamtoa kwa mtoto wa mwenzake akampeleka kwa mtoto wake mwenyewe! Kwa sababu gani? Kwa sababu huko hakuna wa kumuuliza uso kwa uso. Alijua nitakuwa nyuma ya pazia.

Hamida alikuwa uani, anasuuza vikombe kwa mkono mmoja. Aliponiona alikiangusha kimoja.

Shafiki akarudi kutoka kazini, vumbi la mchele mpaka kwenye nyusi. Kuniona tu, akageuza uso, akachuchumaa, kama mila inavyotaka. Nikazunguka nikasimama mbele yake. Akageukia upande wa pili, nami nikazunguka tena! Watoto wa mtaa wakaanza kucheka, "Tazameni, jaja anacheza na mkwe!"

"Mama, mila!" akalia.

Nikamwambia, mila uliitupa wewe siku ulipoifanya maficho. Nitazame. Mbwa huyu alimvunja nani kabla ya mwanao?

Mikono yangu ilitetemeka, ndiyo. Lakini haikuwa obuko. Ilikuwa hasira, nami hasira yangu naijua.

Akanitazama. Mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu! Kumbe ana macho ya mtu mwoga tu. Akasema alidhani uani kwangu ni kukubwa, mbwa angetulia. Alidhani... Mwenye nyumba akamkatiza, "Wewe ulidhani! Umeshindwa mbwa, umeshindwa na mtoto. Acha mtoto aende na jaja yake." Shafiki akainamisha kichwa, akaniambia, "Mchukue, mama." Hamida alikuwa amekwisha vaa ndala.

Na Afande? Sikumpiga, wala sikumtupa njiani. Mwajuma ana shemeji yake huko kijiji cha Busiu, mkulima wa mahindi anayesumbuliwa na nyani. Alikuja Bugembe, nikaketi naye chini ya jua, nikamwambia yote mwenyewe. Kwamba mbwa huyu ana nguvu kuliko akili. Kwamba amevunja watoto wawili bila kuwachukia. Kwamba anakula kuliko mimi na Mwajuma pamoja. Yule mkulima hakukimbia. Alimshika mbwa kichwa, akatembea naye mpaka mtoni na kurudi, siku hiyo na siku nyingine, ndipo akamchukua. Sasa nasikia anafukuza nyani kutwa, na akirudi analala kama mzee.

Kwa hiyo ninyi vijana, kabla hujaleta mbwa wa namna hiyo nyumbani, usitazame urefu wa masikio yake. Jitazame wewe! Una miguu ya kukimbia naye kila asubuhi, hata mvua ikinyesha? Kuna mkono nyumbani kwako ulio tayari kumshika, au mtamsukumia chakula kwa fimbo kama tulivyofanya sisi? Mtoto wako anaweza kumzuia akiona mbuzi? Na anayemtoa, kwa nini anamtoa? Muulize huku unamtazama machoni. Akitazama pembeni, mwache aondoke na mbwa wake, hata kama ni mkwe, hata kama ukoo mzima utanuna. Nawasihi. Mkono wa Hamida umepona, lakini haunyooki kama wa zamani, na kila anapoinua kikombe mimi nauona.

Juzi Shafiki alituma ujumbe kwamba atakuja kutusalimia sikukuu ya Idd. Nikamkuta Mwajuma ameshatoa lile pazia la maua, analipiga pasi alirudishe mlangoni. Nikawaita wote wawili, yeye na Hamida, nikawaambia:

"Likunjeni hilo likawe tambara la kudekia. Mkwe akija, mwekeeni kiti hapa, mbele yangu."