Sharubu ya Babu

Wiki ya tatu sasa Chiriku alikuwa kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia kidoleni hadi gotini. Hiyo ndiyo zawadi ya kuruka ukuta wa shule ilhali geti liko wazi. Dirisha la chumba lilitazama ukuta wa jirani. Matofali yake alishayahesabu: mia moja na kumi na sita, moja limepasuka. Wenzake walimpa jina la Chiriku kwa domo lake, lakini hapa angemsemesha nani, ukuta?

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani yake chumba cha mbele, Bibi aliingia na chai, akaisalimu picha iliyoning'inia juu ya kitanda. "Umeamkaje, mzee wa sharubu?"

Mzee huyo alikuwa Babu, marehemu. Hakuacha picha nyingine. Hii alichorwa kwa rangi na rafiki yake mwandika mabango, na moshi wa kibatari wa miaka mingi ulikuwa umempaka weusi asiozaliwa nao.

Shangazi alimwonea Chiriku huruma, akamwachia simu yake ya zamani. "Makumbusho ya mjini yameweka masomo mtandaoni. Tembea humo. Huhitaji miguu."

Chiriku akatembea kweli. Akapita ukumbi hadi ukumbi, akaona picha za karne zilizopita, akasikia jinsi wachoraji wa kale walivyosaga mawe kupata rangi. Aliyempendeza zaidi ni mhifadhi, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliyesafisha picha kuukuu kwa kipande cha pamba. Kila alipopitisha pamba, mbingu ikatoka buluu.

"Lakini kabla hujaigusa picha," mhifadhi akasema, "lazima kwanza..."

Bando likakata.

Chiriku hakungoja. Beseni la kuogea lilikuwa pale pale, na sifongo, na sabuni ya unga. Akamtungua Babu, akasugua. Weusi ukatoka. Akasugua tena, shavu likang'aa. Mara ya tatu, sharubu ya kushoto ikahamia kwenye sifongo.

Bibi alipoingia alishika mdomo. "Mume wangu kanyolewa na nani?"

"Bati linavuja, Bibi. Mvua ya jana."

Neno likishatoka halirudi. Kesho yake fundi bati alikuwa juu ya paa, ko! ko! ko! akitafuta tundu lisilokuwepo. "Silioni, mama!" alipaza sauti. "Lakini ngoja nipige misumari kila mahali, litakuwemo tu!" Kila msumari Chiriku aliusikia kichwani. Mguu haukimbii, dirisha ni ukuta, na mlangoni yuko Bibi.

"Huyo mama wa pamba uliyenisimulia, si hujibu watu?" Bibi akauliza. "Muulize."

Kweli, kila Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, mhifadhi alizungumza kwa video na watu waliotuma picha zao. Shangazi akanunua bando, picha ikatumwa, na saa nane mhifadhi akatokea, miwani zote mbili mahali pake. Bibi akajibana kitandani kando ya mjukuu.

"Imeingia maji au imesuguliwa?" mhifadhi akauliza. "Kama ni maji ya mvua, msiiguse, ikauke yenyewe. Kama ni sabuni, iliyobaki humo itaendelea kula rangi mpaka uso uishe. Iletwe leo."

"Ni bati," Bibi akasema. "Tutaiacha ikauke."

Ko! ko! ko! Chiriku akamtazama Babu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufifia.

"Ni sabuni!" akapasuka. "Sabuni ya unga, Bibi. Ni mimi. Bati halina kosa."

Nyundo ikaendelea, maana fundi hakusikia.

"Kukiri kwako ni jambo la kihifadhi," mhifadhi akasema. "Sisi hujaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, na tunaandika kila tulichokifanya, hata makosa. Somo langu la pamba hukulimaliza, eh?"

Shangazi aliibeba picha jioni ile ile. Ikarudi baada ya wiki mbili: jicho zima, shavu safi, na sharubu mpya kushoto, changa kidogo kuliko mwenzake.

Siku hiyo mvua ikanyesha. Tone likatua puani mwa Chiriku. Jingine likafuata. Misumari ya fundi ilikuwa imetoboa bati lililokuwa zima.

Bibi akaleta ndoo, akamkabidhi Chiriku aikumbatie kifuani. "Unaona? Ulilisingizia, likakubali." Akacheka mpaka akakaa. Kisha akamshika kidevu. "Mjukuu wangu, kosa lako lilikula sharubu moja. Uongo wako ulitaka kunilia mume mzima. Kosa ukilisema mapema, lina fundi wake. Ukilificha, hata fundi atatibu pasipouma."

Akageukia ukutani. "Au sivyo, mzee wa sharubu?"

Ndoo ikajibu: to! to! to!